Kibidoni cha Iddy

Jumatatu, 5 Agosti

Nimetukanwa! Wala si mimi hasa. Ametukanwa marehemu, na kwa kuwa marehemu hawezi kujibu, hasira yote imeniangukia mimi.

Ilikuwa hivi. Bonaventure, mwenye chumba cha michezo karibu na soko la mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, alinipitia kwenye banda langu la moteri. Akasema mdogo wangu Iddy ameacha kitu chake kwenye mashine namba tatu, na yeye anaona vibaya kukigusa bila ruhusa ya ukoo. Nikafikiri ni kofia. Iddy alikuwa akisahau kofia kila mahali.

Si kofia. Ni chombo cha angani. Kimo ndani ya ule mchezo wa kuunda roketi na kuzirusha, ambao Iddy aliucheza kila Jumapili. Chombo kinazunguka mwezi peke yake, upande mmoja unang'aa, upande mwingine giza. Ubavuni kimeandikwa MAMA HAWA, jina la mama yetu. Dirishani kuna mtu mdogo. Anatabasamu.

Iddy alifariki tarehe 9 Julai. Homa ya siku nne tu. Na chombo chake bado kinazunguka!

Nikauliza kwa nini hakirudi. Hapo Lionel akaingilia. Lionel anauza vifuniko vya simu mlangoni kwa Bonaventure, na akikosa wateja hucheza mchezo huohuo kwenye mashine namba mbili. Mashine hizo zimeungwa kwa waya, wachezaji wote wana anga moja. Akasema mbele ya watu saba, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya Nasoro, ile chombo ilikauka. Haina tena mafuta ya kugeuka. Iddy hakupimaka muzuri."

Hakupima vizuri! Mimi ni fundi wa moteri za mitumbwi, mwaka wa kumi na tisa huu. Iddy nilimfundisha mimi mwenyewe. Alikuwa akigonga bidoni ya mafuta kwa vidole viwili, anainamisha kichwa, anasema zimebaki lita tisa. Tunapima. Tisa!

Nimeapa. Katika ukoo wetu chombo cha marehemu hakiachwi majini. Baba aliuvuta mtumbwi wa babu nchi kavu kabla ya arobaini, na sisi tukauvuta wa baba. Arobaini ya Iddy ni Jumamosi tarehe 17. Kabla ya siku hiyo MAMA HAWA kitakuwa chini, kwenye udongo.

Husna mke wangu amesema huko juu hakuna maji. Hiyo si hoja.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango: kuunda chombo cha pili, kukifuata cha kwanza, kukipa mafuta, kirudi. Ziwani nimefanya hivyo mara mia. Siku mbili zinatosha.

Bonaventure ananiachia mashine namba tatu kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja, wakati sola zake zina nguvu. Mimi nitamtengenezea jenereta lake, ambalo halijakohoa tangu Pasaka. Chombo nimekiita HUSNA 1, ili mke wangu asinune nikikosekana bandani.

HUSNA 1 kimelipuka kabla ya kuondoka chini.

HUSNA 2 kimeondoka chini, kisha kimelipuka.

Nilipofika nyumbani Husna alikuwa ameshapata habari. Lionel! Ameniuliza kwa sauti ya upole leo amelipuka mara ngapi. Nikasema mara mbili. Akasema, kwa anavyojua yeye, mke halipuki bila sababu. Akaweka bugali mezani, akasahau mboga ya sombe. Hakusahau.

Jumatano, 7 Agosti

Nimegundua kosa. Uzito!

Kwenye orodha ya vipande kuna tangi kubwa la moteri kubwa ya nyuma. Sawa. Lakini kuna pia kibidoni, cha njano, mviringo kama chungwa, ambacho Iddy alizoea kukiweka. Eti hicho ni cha moteri ndogo za ubavuni, zile zinazogeuza pua ya chombo. Kibidoni cha nini? Ziwani moteri mbili hunywa bidoni moja. Unaweka mpira wenye matawi mawili, basi. Mafuta ni mafuta! Waliotengeneza mchezo huu hawajawahi kuvuka hata kutoka hapa kwenda Swima. Kwenye chombo vilikuwa vinne; nimeviondoa vyote. Chombo kikawa chepesi.

HUSNA 3 kimepaa kama mshale. Kimefika mwezini! Watu wamepiga makofi. Nimemwona MAMA HAWA kwa mbali, nukta nyeupe kama chembe ya chumvi. Nikataka kugeuza pua tumfuate. Hapana. Nikabonyeza tena. Hapana. Tangi kubwa lina mafuta nusu, na moteri ndogo zimenyamaza kama watoto waliovunja sahani.

Lionel alikuwa nyuma yangu. Bila kuulizwa akasema: "Yaya, zile ndogo hazikunywi mafuta ya mukubwa. Kila mutu na kikombe yake. We ulitupa vikombe vyao." Chumba kizima kikacheka. Hata Bonaventure alicheka, na jenereta lake limelala wazi bandani kwangu, matumbo nje!

Sasa mwezi unazungukwa na wawili wasioweza kugeuka. Nilikwenda kupunguza, nimeongeza.

Ijumaa, 9 Agosti

Mpango mpya: kumwondoa Lionel. Fundi hafikiri vizuri mtu akimpumulia shingoni.

Asubuhi nimemwambia kwamba yuko mfanyabiashara huko Mboko anayetafuta vifuniko thelathini vya simu, haraka. Hakuna mfanyabiashara kama huyo. Lionel amepanda pikipiki na mzigo wake saa mbili. Uongo siku ya Ijumaa, najua. Nilipokwenda msikitini nimeomba msamaha kwa ujumla, bila kuingia katika mambo madogo madogo.

Saa nane nimekaa mbele ya mashine. Utulivu. Wanataka vibidoni? Nitawapa vibidoni! Nimeweka ishirini na vinne. Nimevipanga vyote nyuma, kwa sababu kila mtu wa ziwani anajua mzigo unakaa nyuma, pua inanyanyuka, chombo kinapanda juu ya mawimbi. Mtu anayepakia pua anataka kuwaona samaki kwa karibu.

HUSNA 4 kimepaa. Kikatikisa kichwa. Kikageuka mkia mbele, kikarudi chini kwa kasi, kama mtu aliyesahau ufunguo. Mlipuko wa njano wa vibidoni ishirini na vinne. Mrefu. Bonaventure amesema hajawahi kuona mzuri kama huo.

Saa kumi Lionel amerudi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Amenikumbatia! Alipokosa yule mfanyabiashara alitandaza mzigo kando ya barabara, vyote thelathini vikaisha, na watu wa Mboko wameagiza vingine. Ameniletea mkungu wa ndizi. "Yaya, Mungu akubariki kabisa, we njo mutu ulinifungulia njia!"

Nimekula ndizi nne kwa hasira.

Jumatatu, 12 Agosti

Lionel amenishauri nipange vibidoni katikati ya chombo, karibu na pua. Nimekataa kabisa. Baadaye ametoka kumuuzia mtu kifuniko, nami, kwa uamuzi wangu mwenyewe, nimevipanga katikati, karibu na pua.

HUSNA 5 kimepaa vizuri. Kimefika. Moteri ndogo zinatoa mvuke mweupe, pfff, pfff, chombo kinageuka kama mtu anayeitwa jina lake. Nimemkaribia MAMA HAWA. Mita elfu. Mita mia mbili. Nikamwona mtu mdogo dirishani. Nikaongeza mwendo.

Huko juu hakuna maji ya kukupunguza mwendo. Hilo hakuna aliyeniambia! Lionel anasema aliniambia mara tatu.

Nimemgonga. Bawa moja la sola la MAMA HAWA limekatika, likaenda zake polepole, linazunguka.

Nilikumbuka Iddy ana miaka kumi na mbili, siku aliyougonga mtumbwi wangu mpya kwenye mawe. Nilimpigia kelele mpaka majirani wakatoka. Yeye alikuja na kile kipande cha ubao kilichovunjika, amekibeba kwa mikono miwili kama kifaranga, akauliza kama kinaweza kupona. Leo mimi nimegonga chake, na hakuna wa kunipigia kelele.

Kwa kusahihisha nimekwenda mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka vibidoni vikakauka. HUSNA 5 nacho sasa kinazunguka mwezi.

Lionel akasema, "Yaya, mafuta yote ulimaliza kwa salamu." Hapo nimewaka. Nimemwambia ndiyo, nimekosea kupima, lakini angalau sikosei halafu nikamcheka marehemu. Nimemwambia vyombo vyake hurudi kila mara, inanishangaza, mtu anayeweka kibidoni kimoja tu ili aonekane mwepesi.

Amekusanya vifuniko vyake akaondoka, na ilikuwa bado saa tisa.

Zimebaki siku tano.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekasirika mpaka masikio yanalia.

Mama amekuja kwenye chumba cha michezo. Nani amemwambia? Husna, bila shaka. Mama hajawahi kuingia humo. Bonaventure alifuta kiti mara mbili kwa shati lake. Nikamwonyesha mama chombo, nikamsomea jina lililoandikwa ubavuni. Mama anajua kusoma, lakini aliniacha nisome.

Akaangalia muda mrefu. Akauliza yule mtu wa ndani anakula nini. Nikasema ni mchezo, hali. Akasema hata Iddy akiwa mbele ya kitu hiki alikuwa hali, chakula kilikuwa kinapoa. Akauliza kwa nini Iddy hakumjazia mafuta ya kutosha, yeye aliyekuwa mwangalifu hivyo.

Ndipo Lionel, aliyekuwa amesimama mlangoni na mzigo wake begani, akasema: "Mama, iko kitu sikusemaka."

Alisema yote akiangalia sakafu. Jumapili ya tarehe 30 Juni chombo chake Lionel kilikwama mwezini. Kibidoni kimoja, kimekauka. Walimcheka siku nzima. Iddy akatoka na MAMA HAWA, vibidoni vinne, vimepimwa vya kwenda na kurudi. Akajifunga ubavuni kwa Lionel, akampa mafuta. Mafuta hayakutosha kwa sababu Lionel alizidi kuyapoteza kwa kujigeuza ovyo. Iddy akampa yaliyobaki. Yote. Akamwambia atangulie, yeye atajiletea mengine Jumapili ijayo. Ijumaa homa ikamshika.

Kwa hiyo alipima! Alipima mpaka tone! Na huyu mtu wiki zote hizi anasema mbele ya watu kwamba Iddy hakujua kupima, ili watu wasiulize mafuta yalikwenda wapi!

Nimesimama. Kiti kimeanguka. Nimemwambia Lionel maneno ambayo sikujua kwamba ninayajua. Nimemwambia amemvika maiti aibu yake mwenyewe. Nimemtaka anyanyue uso. Akanyanyua, na alikuwa analia, jambo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu anayelia huwezi kumtukana ukaridhika.

Mama hakupaza sauti. "Lionel. Ule mutoto alikupatia, ukafika kwako. Basi na weye utamupatia, afike kwake. Weye pamoja na huyu mukali." Mukali ni mimi.

Nikasema sitakaa kiti kimoja na Lionel hata siku moja. Mama akasema viti viko viwili.

Ijumaa, 16 Agosti

Tumekaa viti viwili.

Hatukusalimiana. Mimi nimeunda, yeye ameshika usukani. Nimeweka vibidoni vinane, Lionel akavipanga, mimi nikavipanga upya, yeye akavirudisha. Mama amekaa katikati yetu, nyuma kidogo, na kikapu chake magotini kama anasubiri kivuko.

HUSNA 6 kimepaa saa nane. Wiki hii milima ya Fizi inachomwa majani, moshi umeshuka mpaka mjini, jua limekuwa jekundu kama utambi wa taa. Saa tisa sola za Bonaventure zimeanza kulegea. Taa za mashine zikapepesa. Bonaventure akashika kichwa. Nikakimbia bandani, nikalivuta jenereta kwenye mkokoteni, nikavuta kamba. Halikukohoa hata mara moja, likaunguruma! Hilo liandikwe vizuri, kwa sababu katika majuma haya mawili ndilo jambo pekee nililolitengeneza likafanya kazi.

Nimekuta Lionel ameshafika mita ishirini. Anakwenda polepole, jasho linamtoka. Pfff. Pfff. Mita tano. Mita moja. Vyombo vimeshikana. Hakuna aliyepiga makofi.

Kumimina ilikuwa kazi yangu. Tuliona mstari wa MAMA HAWA ukipanda. Robo. Nusu. Lionel akasema inatosha, tubakize ya kwetu ya kurudi. Nikaendelea. "Yaya, acha! Tutabakia huku!" Nikaendelea. Mimi sijawahi kumjazia mdogo wangu bidoni nusu, hata siku tulipogombana, na sikutaka kuanza siku moja kabla ya arobaini yake. Nimejaza mpaka juu. HUSNA 6 kimebaki na sifuri.

Lionel akaniangalia. Akasema hivihivi ndivyo Iddy alivyofanya. Nikamwambia anyamaze, aangalie mbele.

MAMA HAWA kikageuka. Kikaondoka mwezini. Kikaingia katika anga ya dunia, chekundu kote, bawa moja, nikafunga macho. Lionel akafungua miavuli. Kikashuka kwenye uwanda mkavu, mbali na maji yoyote, kikasimama wima.

Halafu kikaanza kuinama. Polepole. Lionel akabonyeza kila kitu. Kikalala ubavu, kikatulia, na kwenye kioo pakaandikwa kwamba abiria yu hai.

Nikaanza kuomba radhi. Mama akasema, "Muache. Mutumbwi ya kupumuzika njo inalala vile." Akafungua kikapu. Alikuwa amebeba mihogo na samaki wa ndagala, sahani nne. Bonaventure akala. Lionel akala. Nami nikala, upande wa Lionel, kwa sababu ndiko sahani ilikowekwa.

Jumapili, 18 Agosti

Arobaini imepita salama. Dua ndefu, watu wengi, pilau imetosha. Baada ya dua Lionel ameomba kusimama. Mkristo, mwenye kofia ya kuazima. Amesema mbele ya wazee na vijana kwamba Iddy alijua kupima kuliko wote, na kwamba kilichopungua kwake alikinywa yeye Lionel. Wazee hawakuelewa mambo ya mwezi, lakini walielewa hilo. Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilitoka nje nikaosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa.

Lionel alinifuata akanisaidia. Tumesameheana. Nimesema sina hasira tena na mtu yeyote duniani. Nilimaanisha. Ilidumu mpaka leo asubuhi.

Leo asubuhi Husna amenikumbusha kwamba HUSNA tatu bado zinazunguka mwezi: ya 3, ya 5 na ya 6, kila moja na mtu ndani, na kwamba wanawake sokoni wanamuuliza zinarudi lini. Nikaenda kwa Bonaventure. Lionel yupo, anacheka, ananikaribisha. Akasema safari hii yeye apange vibidoni kuanzia mwanzo, mimi nipumzike.

Nipumzike!

Nimemweleza kwa utulivu kwamba tatizo halijawahi kuwa mimi. Tatizo ni mchezo. Vyombo vinne vimekauka huko juu, cha Iddy na vyangu vitatu, na vyote vimekauka kibidoni, si tangi. Kifaa kinachokwama mara nne ni kibovu, hiyo ni sheria bandani. Nimemwambia Bonaventure awaandikie waliotengeneza mchezo, kwa Kifaransa cha heshima, kwamba fundi mmoja wa Baraka anawashauri waondoe kibidoni na waweke mpira wenye matawi. Nimechora mchoro. Bonaventure amesema watajibu baada ya miezi. Lionel amesema, "Yaya, kwa jina ya Mungu, weka hata mbili."

Miezi! Kuna watu watatu kule.

Saa nane mchana nimerusha HUSNA 7 bila kibidoni hata kimoja. Kimepaa vizuri sana, chepesi, kimefika mwezini kabla Lionel hajamaliza kunisihi.

Saa kumi na moja sasa. Bado hakijageuka.